Maji Ndani ya Taa za Salumu

Kila anayekuja kunipa pole hukaa, hunywa chai, kisha huuliza swali lile lile: mlichelewa wapi? Wengine wameshajijibu wenyewe. Nimesikia kwamba Salumu alikuwa amelewa, na Salumu hajagusa pombe tangu nimfahamu. Nimesikia pia kwamba kuna mtu alilifunga lori kwa dawa. Ninyi rafiki zangu wa darasa la kina mama mmeniomba jambo la maana zaidi, niandike yote kwa mpangilio, ili mwenye kusoma amsomee asiyejua. Nitaandika polepole, kama tunavyoshona pamoja. Mahali mtakaponiona naeleza sana, nivumilieni. Ni pale pale penye jibu.

Kutoka Tabora mpaka Nzega

Habari ililetwa na dereva wa lori la pamba: baba anaumwa tumbo, hali chakula, njooni. Baba yangu, mzee Kapaya, alikuwa akiishi upande wa Igunga na dada yake, shangazi yangu Nyanzala. Walikuwa na ng'ombe wachache na jaruba la mpunga. Hakuwa mtu wa kuita watoto wake. Akiita, ujue ameshindwa. Basi nilitoka nyumbani na nia moja tu, kumfikisha hospitali ya Tabora akiwa hai, kwa sababu huku ndiko kuliko na daktari wa kupasua.

Salumu mnamfahamu, jirani yetu wa Ipuli, dereva wa lori. Baba yake alikuja huku kwa kazi ya reli kutoka pwani, na yeye amezaliwa Tabora, lakini bado tunamwita Mzaramo na mwenyewe anajiita hivyo kwa sababu ya utani. Babu zetu walipofika pwani na misafara, miguu imevimba, Wazaramo waliwapokea kwa chakula na kwa matusi, na toka hapo sisi na wao ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukamata kuku wako uani na kuondoka naye. Anaweza kumcheka hata maiti wako. Nawe huna ruhusa ya kununa, maana ukinuna wewe ndiye mwenye kosa.

Tajiri wake alikuwa anampeleka Igunga na chumvi na nguo, arudi na ngozi na mchele. Aliposikia habari ya baba alikuja mwenyewe mlangoni.

"Mwalimu, nasikia Mnyamwezi mmoja anataka kufa bila kuniaga," akasema. "Panda twende tukamkataze."

Kabla ya kuondoka alinionyesha taa za mbele za lori. Kifuku kilichopita, majira ya mvua, maji yaliingia ndani yake na kutu ikaanza kula, kwa hiyo safari hii alikuwa ameziziba. Ghala la tajiri wake limejaa nta ya nyuki inayotoka misituni, na kwetu nta huziba kila kitu, kibuyu kilichopasuka, mtungi unaovuja, hata mwanya wa mlango. Salumu aliyeyusha kipande, akapaka kuzunguka kioo chote, juu, pembeni na chini, akalainisha kwa kidole. Ilikuwa kazi safi, imenyooka kama mshono wa cherehani.

"Humo hata jasho haliingii," akasema.

Barabara ya Nzega hufuata sana njia ya zamani ya misafara. Siku ile ilikuwa matope. Kabla ya kufika Nzega tulikuta korongo limejaa, na lori moja limekwama katikati, na malori mengine yamepanga foleni nyuma yake. Tulikaa pale sehemu kubwa ya mchana. Mama mmoja alikuwa akiuza matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Alituletea sahani moja tu, akidhani sisi ni mke na mume. Salumu akamwambia, "Mama, nioe Mnyamwezi ili anibebe begani kama pembe la ndovu?" Yule mama alicheka mpaka akaongeza karanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama jua.

Lori lile lilipovutwa, tukaingia majini kwa zamu. Maji yalipanda mpaka yakafunika taa zetu. Tulipotoka ng'ambo, Salumu alishuka akazipapasa, akanionyesha nta yake iko vile vile, haijabanduka hata kidogo. Tukaendelea tukiwa na furaha hiyo ndogo.

Nzega mpaka Igunga

Tulipita Nzega bila kukaa. Giza lilianza kuingia tukiwa bado njiani, Salumu akawasha taa. Mwanzoni zilitoa mwanga mzuri. Baada ya muda mwanga ukawa mweupe mzito, kama unatazama moto kupitia maziwa. Salumu akasema ni ukungu. Akasimama, akashuka na kitambaa, akafuta vioo. Akakaa tena nyuma ya usukani, na mwanga ulikuwa vile vile. Akashuka mara ya pili, akaweka kidole kwenye kioo, akakitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu. Matone yalikuwa upande wa ndani.

Nitawaeleza hapa, ingawa siku ile hatukuelewa. Taa ya lori ni kama bakuli lililolazwa ubavu. Ndani ya bakuli pamepakwa fedha, pang'ae kama kioo cha kujitazamia, ndipo mwanga wa globu urushwe mbele. Mdomo wa bakuli umefunikwa kwa kioo. Nyuma kuna tundu la waya. Na chini kabisa kuna upenyo mdogo, kama wa sindano ya kushonea magunia, ambao mtu akiuona hudhani ni kasoro. Si kasoro. Waliotengeneza taa walijua kwamba maji yataingia tu siku moja, kwa hiyo wakayaachia mlango wa kutokea.

Pale korongoni maji yalipita nyuma, kwenye waya, mahali ambapo Salumu hakuwa amepaka nta. Alikuwa amepaka mbele kote, na ule mlango wa chini pia. Maji yakakaa. Globu ilipopata moto, yakapanda kama mvuke wa sufuria ya wali, yakakutana na kioo kinachopigwa na upepo wa baridi, yakageuka matone, yakatiririka chini, yakapanda tena. Kadiri ulivyowasha, ndivyo ulivyopika.

Tulifika Igunga kwa mwendo wa mtu anayepapasa ukuta. Salumu alibaki na lori kwa sababu ya mzigo wa tajiri. Mimi nilipata kijana mwenye baiskeli akanipeleka kwa baba.

Nyumbani kwa baba

Nilimkuta amelala kwa ubavu, amekunja magoti, uso umekuwa mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Na Salumu. Yuko Igunga, anashusha mzigo."

"Aje yeye," akasema, akageukia ukutani.

Nilimuuliza linauma wapi. Tumbo, akasema. Tumbo upande gani? Tumbo tu, mwanangu. Alikuwa akitapika kila alichomeza. Shangazi alikuwa ameshampa dawa ya mizizi ya kumharisha, kwa kuwa alidhani tumbo limefunga, na dawa ile ilimtesa bila kutoa kitu. Nilitaka kumfunua nimtazame. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akauweka pembeni, akavuta shuka mpaka kifuani. Nikaona anaona haya, nikanyamaza. Mimi ni binti yake. Kuna sehemu ya mwili wa baba ambayo binti haulizi wala baba hatamki, hata akiwa anakufa. Nililijua hilo toka utotoni kama ninavyojua jina langu.

Usiku ule ukapita, na asubuhi yake ikapita. Majirani walikuja, wakasalimu mwangaluka, mwangaluka, wakakaa, wakaondoka. Salumu hakuja mpaka jua la utosi. Kumbe asubuhi alikuwa ameligeuza lori taa zitazame jua, na ukungu wote ukatoka kwenye vioo. Alikuja akiwa na uso mkunjufu, akiamini taa zimekauka. Hazikukauka. Ukungu ulikuwa umerudi kuwa maji, na maji yametulia chini ya bakuli.

Aliingia ndani akipiga kelele, "Mnyamwezi unalala mchana? Mizigo abebe nani?" Nikasikia baba anacheka kidogo, kisha akasema wanawake tutoke nje. Tulitoka. Shangazi alikaa kwenye kinu kilicholazwa, mimi nikasimama. Sauti ya Salumu ilishuka, ikawa ya chini. Alipotoka, uso wake haukuwa na mzaha wowote. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Mwalimu, si tumbo," akasema. "Ni mshipa, ngiri. Anao miaka mingi, huwa anaurudisha mwenyewe kwa mkono. Safari hii umeshuka na umekaza, haurudi. Nilimwona mjomba wangu akiwa hivi."

"Mjomba wako alipona?"

"Tuondoke sasa hivi," akasema.

Ninyi mlio na baba wazee, hapa nawaomba mnisikilize. Mtafutieni mzee mtu wa kusema naye. Kama si mtani, awe mjukuu wa kiume, awe mkwe, awe yeyote asiyemwonea haya. Mzee Kapaya alingoja siku nzima na zaidi ili ampate mtu wa kumwambia mahali panapouma.

Igunga mpaka mbugani

Tulimlaza juu ya ngozi na magunia ya mchele, chini ya turubai. Shangazi alikaa kichwani pake na mimi miguuni. Alipokuwa akipandishwa, baba alisema, "Nilikwenda pwani na mzigo begani. Leo mzigo ni mimi na mpagazi ni Mzaramo. Dunia imeharibika."

"Ukinilemea nakutua porini," Salumu akamjibu, "na wala sirudi kukuchukua."

Mvua ilianza kabla hatujafika mbali. Tulikwama mara ya kwanza, tukachimba, tukatia matawi chini ya magurudumu. Tukakwama tena. Mara ya pili wapita njia walitusaidia kusukuma, na mmoja wao alipochungulia chini ya turubai alivua kofia, akidhani tumebeba maiti. Baba akamwambia, "Vaa kofia yako, utanyeshewa." Yule mtu aliruka nyuma.

Jua lilipozama tulikuwa tumeifikia mbuga kubwa iliyo kabla ya Nzega, ile ambayo wakati wa kwenda tuliivuka kukiwa bado na mwanga. Mbuga ile ni udongo mweusi, na ikijaa maji barabara haionekani. Unachofuata ni ukingo wake tu, mstari wa majani yaliyosimama kila upande. Ukitoka nje ya majani umezama. Salumu akawasha taa, na maji yaliyokuwa yametulia yakaanza kupanda. Katika muda mfupi vioo vyote viwili vilikuwa vyeupe. Kisha tukasikia mlio mdogo, tik, kama kikombe kinapopasuka kwa maji ya moto. Tone la baridi lilikuwa limeangukia globu ya kulia. Upande ule ukawa giza.

Tulisimama karibu na boma la mfugaji mmoja. Alitukaribisha bila kuuliza maswali, akatuwekea moto chini ya kibanda, akatoa maziwa. Akatuambia kwamba mbele kidogo kuna lori lililotoka nje ya majani jana usiku, bado limelala ubavu, na dereva wake amezikwa leo. Salumu aliuliza kama ana chemli. Hakuwa nayo.

Basi Salumu akatoa bisibisi, akaanza na taa ya kushoto. Nta yake nzuri ilikuwa imekauka ngumu, akaikwangua kwa kisu. Kioo kilipotoka, maji ya uvuguvugu yalimwagika juu ya viatu vyake, maji ya kujaza bakuli la uji. Alisimama akiyatazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana alipitisha kidole chini ya taa, akaupata ule upenyo, akatoa kipande cha nta kilichokuwa ndani yake.

"Nilidhani nawafungia wezi nje," akasema kwa sauti ndogo, "kumbe nimewafungia ndani."

Alipofungua na ya kulia, akatukabidhi mabakuli mawili tuyakaushe, akaenda kutazama waya. Shangazi alichukua la kushoto. Maisha yake yote amesafisha vioo vya chemli na masufuria kwa majivu, na hakuna mwanamke wa kwetu asiyefanya hivyo. Alichota majivu motoni, akaloweka kitambaa, akasugua kwa bidii yote ya mtu anayemwokoa ndugu yake. Nilikuwa nimekwenda kumpa baba maji. Niliporudi, bakuli lilikuwa safi kabisa na halikuwa na fedha. Lilibaki chuma cha manjano, chenye mikwaruzo. Ile fedha ni nyepesi kuliko utando wa maziwa. Hata kidole kikavu huitia doa.

Salumu alilichukua, akaligeuza kwenye mwanga wa moto, akamtazama shangazi aliyekuwa anangoja kusifiwa.

"Ahsante, shangazi," akasema.

Akatoa globu ya kushoto, ili aitie katika bakuli la kulia ambalo lilikuwa bado zima. Lakini lilikuwa na unyevu. Akalishika karibu na moto likauke upesi. Nta iliyokuwa imebaki ukingoni ikalainika, ikashuka ndani, ikatanda juu ya fedha kama mafuta juu ya mchuzi uliopoa. Tulijaribu kuitoa kwa pindo la kanga yangu, nayo ikazidi kutanda. Alipoifunga taa na kuiwasha, mwanga wake ulikuwa wa njano, hafifu, unafika hatua chache kisha unakufa. Ulikuwa kama mshumaa ndani ya kibuyu.

Hata hivyo tulijaribu. Nilivua viatu nikatembea mbele ya lori na fimbo, napapasa ukingo wa barabara chini ya maji, na Salumu akinifuata polepole. Tulikwenda hivyo umbali ambao mtu angeweza kuitwa akaitika. Kisha fimbo yangu ikakosa chini, na mimi nikaingia mpaka kifuani. Salumu alinivuta kwa kanga.

"Inatosha," akasema. "Nikikuua na wewe, yeye atafikishwa na nani?"

Akarudisha lori nyuma, gurudumu kwa gurudumu, mpaka bomani. Tukangoja kupambazuke.

Katika kungoja huko baba ndiye aliyetuzungumzisha. Alitaja vituo vya msafara kimoja baada ya kingine, mahali palipokuwa na maji, mahali pa kununua mtama, mahali alipomzika mwenzake kwa jembe la kuazima. Akasema, "Mzaramo, sisi tulipita hapa bila taa yoyote."

"Mlikuwa mnanuka," Salumu akamjibu. "Hata simba waliwapisha."

Baba alicheka, na kicheko kikamkata, akauma pindo la shuka. Salumu aliinuka akaenda kusimama nje kwenye mvua.

Karibu na alfajiri maumivu yakaisha. Baba mwenyewe alisema, "Yameisha," kwa mshangao, kama mtu aliyetuliwa gunia. Hakutapika tena. Aliomba uji, akanywa kidogo. Shangazi alipiga magoti akashukuru Mungu, na mimi nilishukuru pamoja naye, na Salumu akafuta uso kwa mikono miwili. Yule mfugaji peke yake hakushukuru. Alitutazama tu, akaenda kuwafungulia ng'ombe wake.

Nzega mpaka Tabora

Kulipokucha majani yalionekana, na mbuga ile tuliyoiogopa tuliivuka kwa muda wa kumenya viazi vya kutosha watu wawili. Tulilipita lile lori lililolala. Nzega hatukusimama. Korongo lilikuwa limepungua maji. Kila kitu kilichotukatalia jana yake sasa kilitufungulia njia, na baba alikuwa amelala kwa utulivu, mkono wake baridi ndani ya mkono wangu.

Tulifika hospitali mchana. Daktari alimtazama, akaagiza apelekwe ndani mara moja. Baadaye mganga msaidizi wa kwetu, kijana mpole, alitutoa nje akatueleza kwa taratibu. Alisema ngiri ikikaza, utumbo ulionaswa hukosa damu. Huuma sana kwa sababu bado uko hai na unapigana. Maumivu yakiisha ghafla bila mtu kutibiwa, si kwamba amepona. Utumbo ndio umekufa. Walikuwa wamekata sehemu nyeusi. Walikuwa wamefanya kila walichoweza.

"Mngefika jana jioni," akaanza, akaona uso wa Salumu, akaacha hapo.

Baba alifariki kesho yake, kabla ya chai ya asubuhi.

Sasa mnajua tulipochelewa. Tulichelewa korongoni, tulichelewa kwa haya ya baba na binti, tulichelewa kwa nta na kwa majivu. Sikuandika haya ili mwogope barabara. Wale ambao waume zenu wanaendesha, waambieni: maji yakiingia kwenye taa, fungua kioo, acha pakauke kwa hewa, futa kioo tu na fedha usiiguse. Tundu la nyuma ndilo la kuziba. La chini liache wazi. Ni mambo madogo na kila mtu anaweza kuyajifunza, hata mimi nimeyajifunza.

Ipuli

Mlio mbali hamkuwapo mazikoni, kwa hiyo namalizia hapo.

Watu walikuwa wengi, na maneno yalikuwa yameshatangulia. Salumu alipoingia uani, waliokaa karibu na njia walisogeza miguu kama mtu anayempisha mgonjwa wa ukoma. Hakuna aliyemsema, kwa kuwa ni mtani, na mtani hasemwi. Ndugu zangu wa kiume, waliofika kwa ajili ya mazishi, walimsalimia huku wanatazama chini. Nilijua walichokuwa nacho moyoni, kwa sababu mimi pia nilikuwa nacho. Mtu asikudanganye kwamba ukishaelewa jambo hasira inaondoka.

Makaburini mchungaji alimaliza sala. Kabla jeneza halijashushwa, Salumu alivua viatu akateremka ndani ya kaburi, akalala chali. Wazee wakatabasamu kidogo. Ni desturi: mtani hulizuia kaburi, hutukana, hudai chochote apendacho, watu hucheka katikati ya machozi, kisha hutoka. Tulingoja aanze.

Hakuanza. Alilala akitazama juu, mvua nyepesi ikimwingia machoni. Kisha akasema, "Leo mimi si mtani wenu. Utani nimeuvua pamoja na viatu. Mwenye hasira aje anikasirikie."

Hakuna aliyejua la kufanya. Jambo hilo halipo. Mchungaji alifunga kitabu chake. Kaka yangu mkubwa alisogea ukingoni, nikaona mikono yake imekunjwa, nami, Mungu anisamehe, sikumshika.

Shangazi Nyanzala ndiye aliyemsogeza kwa fimbo. Akainama juu ya shimo.

"Wewe Mzaramo," akasema, "umelala kitanda cha kaka yangu, nani kakupa ruhusa?"

Salumu alifumba macho.

"Fedha ya taa niliisugua mimi kwa majivu. Nimeambiwa juzi na huyu mwalimu. Ulinijibu ahsante. Basi na mimi nishuke humo? Na huyu aliyemtazama baba yake siku nzima asimfunue, naye ashuke? Shimo lenyewe jembamba." Akapumua. "Utani hauvuliwi, mjinga wewe. Si nguo. Simama."

"Shangazi, nimemuua."

"Ulimchelewesha. Sote tulimchelewesha, na yeye mwenyewe. Simama umpokee. Hawa watoto wake watambana vibaya, hawajui. Wewe ndiwe uliyeambiwa pale panapomuuma."

Salumu alikaa kwanza, kisha akasimama, udongo umemganda mgongoni. Nikadhani atapanda atoke. Alijifuta viganja kwenye shati, akaweka miguu upana, akainua mikono yote miwili juu. Kaka yangu alikunjua ngumi zake akashika kamba, na wenzake wakashika, tukamteremshia baba yetu.